Kukizuru Chuo kabla ya Kukichagua

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu, akampa macho ya kuonea, masikio ya kusikilizia na moyo wa kupimia. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba msamaha. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninyi mliohudhuria hapa msikitini, na ninyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na katika mabweni ya shule, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu tumche Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri. Ucha Mungu ndio akiba isiyoibwa wala kuungua. Sisi watu wa Kariakoo tuliouona moto wa soko letu usiku wa tarehe 10 Julai 2021 twajua jinsi mali ya miaka mingi inavyoweza kuwa majivu kabla ya alfajiri. Baada ya ucha Mungu, hapana urithi bora tunaoweza kuwaachia watoto wetu kuliko elimu, kwani nayo haiungui.

Ndugu Waislamu, kila mwaka, ifikapo mwezi wa Julai, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita hutangazwa, na nyumba nyingi za mji wetu huingia katika shughuli moja. Kuanzia Gerezani mpaka Jangwani, kutoka Mtaa wa Kongo hadi Mtaa wa Swahili, wazazi na watoto hukaa wakaulizana: aende chuo gani? Katika mwezi huo huo, kwa miaka kadhaa sasa, Tume ya Vyuo Vikuu imekuwa ikiandaa maonesho yake katika viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache tu kutoka sokoni kwetu. Vyuo vya bara na vya visiwani hupanga meza zao chini ya mahema, hutandika vitambaa, hubandika picha za majengo na kugawa vijitabu vyenye rangi za kupendeza. Kijana hupita meza hadi meza, na jioni hurejea nyumbani na mfuko uliojaa karatasi. Wengi hudhani kwamba kwa kufanya hivyo wamekwisha kuviona vyuo. Leo tunapenda tuseme, kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwamba bado hawajaviona. Wameona sehemu ya juu ya rundo tu.

Kwa nini tunaliita rundo? Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kwamba siku moja Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Hakutosheka na kuitazama. Alitia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamwuliza mwenye nafaka ile habari yake, naye akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Hapo Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Hadithi hii tumezoea kuwasomea wauzaji, na ni haki yao wasomewe. Lakini ndani yake limo pia funzo la mnunuzi. Mtume wa Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye mbora wa viumbe, hakuona tabu kutia mkono chini ya rundo ili ajue kilichomo. Na sisi watu wa soko hili funzo hilo twalijua sana. Ni nani miongoni mwetu anayenunua gunia la mchele kwa kulitazama kwa nje? Mfanyabiashara hulichoma gunia kwa bambo, akatoa punje kutoka katikati, akazilaza kiganjani, akazinusa, akatafuna moja au mbili. Mama anayenunua nazi huitikisa sikioni. Anayenunua kitenge hukivuta, akakitazama kwenye mwanga wa jua mlangoni. Haya yote twayafanya kwa bidhaa ambayo baada ya mwezi itakuwa imeliwa au imechakaa. Je, kwa miaka mitatu, minne au mitano ya ujana wa mtoto wetu, miaka ambayo haina duka la kuinunua tena, bambo letu liko wapi?

Wanavyuoni wetu wamelitilia jambo hili uzito. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani hii ndiyo tunayoifuata, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuziana kitu kilichopo ambacho mnunuzi hajakiona. Sababu yake ni kuondoa gharari, yaani kutojua mtu anachokipata kwa mali yake. Na katika jambo lililo kubwa kuliko biashara, jambo la ndoa, imepokewa kwamba Mughira bin Shuuba alipoposa, Mtume alimwelekeza aende akamtazame kwanza yule aliyemposa, kwa kuwa huko kutazama kutasaidia kudumisha mapenzi baina yao. Ikiwa bidhaa hutazamwa, na mchumba hutazamwa, basi mahali ambapo kijana atalala, atakula, ataswali na kuijenga akili yake kwa miaka pafaa zaidi kutazamwa.

Ndugu zetu, hatusemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Tunayasema kwa majuto yetu wenyewe. Katika msikiti tunaoswali alikuwapo, na yupo hadi leo, mzee mmoja muuzaji wa mchele, mtu mwaminifu, ambaye kwa bambo lake mkononi hakuna aliyeweza kumhadaa. Binti yake alifaulu vizuri masomo ya sayansi. Akaja mtu dukani, mwenye maneno matamu na karatasi nzuri, akamsifia chuo kimoja cha mkoa wa mbali. Mzee akazitazama picha. Akauza kiwanja chake, akalipa. Nasi hapa msikitini tukachanga nauli, tukainua mikono tukamwombea binti safari njema. Katika sisi sote, wazee kwa vijana, hakuna hata mmoja aliyeuliza: ni nani kati yetu aliyewahi kufika mahali hapo?

Binti akafika. Maabara aliyoiona pichani ilikuwa chumba kilichofungwa, na vifaa vyake vikisemwa kuwa vipo njiani. Mabweni yalikuwa yamejaa, akapanga chumba mbali, ng'ambo ya uwanja usio na taa, na masomo yake mengine yalikwisha usiku. Juu ya ada iliyoandikwa, kulikuwa na michango ambayo haikuandikwa. Kilichotuuma zaidi ni kwamba binti huyo alinyamaza. Kila alipopiga simu alisema, "Alhamdulillahi, baba, mambo ni mazuri." Alijua kwamba kiwanja kimekwenda, akaona haya kumwambia mzee wake kuwa kilikwenda bure. Alinyamaza mihula miwili. Mwishowe masomo aliyokuwa akiyasoma yakasimamishwa, wanafunzi wakaambiwa wahamie kwingine, naye akapoteza mwaka mzima. Siku aliporejea nyumbani, baba yake hakumlaumu. Alikaa nje ya duka lake akasema neno moja tu ambalo sisi hatujalisahau: "Bambo lilikuwa mfukoni mwangu."

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yule aliyeficha ukweli atakwenda kujibu mbele ya Mola wake, na hilo hatulipunguzi. Lakini nasi tutaulizwa. Mola wetu ametukataza katika Sura ya Bani Israili tusifuate jambo tusilokuwa na ujuzi nalo, na akatuhadharisha kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na katika Sura ya Hujurat ametuamrisha tuzichunguze habari zinazoletwa na mtu asiye mwadilifu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Basi masikio yetu yalisikia sifa za chuo kile. Macho yetu yalifanya kazi gani?

Huenda mtu akasema: zamani wazee wetu hawakuzuru vyuo, na watoto wao walisoma. Ni kweli, lakini tukumbuke hali ilivyokuwa. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianzia hapa hapa kwetu. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Mtu aliyekuwa akitoka sokoni na kikapu chake aliweza kukipita kwa miguu na kuona taa zake. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Katika zama zile mwenye kutaka sheria alijua njia ni Dar es Salaam, mwenye kutaka udaktari akaelekea Kampala, na mwenye kutaka uhandisi akaenda Nairobi. Milango ilikuwa michache na inajulikana. Mwaka 1964 chuo chetu kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Tangu hapo milango imeongezeka, na hiyo ni neema ya kushukuriwa. Sokoine kikasimama Morogoro mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria kikaanzishwa mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Zanzibar kikafunguliwa Tunguu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Waislamu kikaanza Morogoro mwaka 2005, na mwaka 2007 kikaja cha Dodoma. Vyuo vya umma na vya watu binafsi vimekuwa vingi. Lakini meza zinapokuwa nyingi sokoni, ndipo mnunuzi apaswapo kuwa macho zaidi. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu yenyewe ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, kwa kuwa havikutimiza masharti. Wenye mamlaka wamekagua na wanaendelea kukagua, nasi twawashukuru. Hata hivyo mkaguzi hukagua kwa niaba ya watu wote, na mzazi humkagulia mwanawe mmoja.

Na tazameni, ndugu Waislamu, kwamba kutia mkono chini ya rundo hakuna maana ya kutafuta ubaya peke yake. Rundo laweza kuwa kavu juu na bovu chini, na laweza pia kuwa na vumbi juu na punje safi chini. Lau kijana wa mwaka 1961 angechagua kwa uzuri wa majengo, asingeingia katika jengo lile la kuazima la Mtaa wa Lumumba. Wale waliokwenda kutafuta walimu, vitabu na nidhamu, walivikuta, wakatoka humo wanasheria waliolitumikia taifa changa. Kwa hiyo anayezuru chuo asitosheke na lango la marumaru, wala asikikimbie kwa sababu ya rangi iliyobanduka. Atazame kilichomo.

Leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumeisoma Sura ya Kahf. Humo Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za Nabii Musa, amani imshukie, aliyefunga safari ndefu pamoja na kijana wake hadi yanapokutana maji ya bahari mbili, akimtafuta mja mwema wa kumfundisha. Musa hakupeleka mjumbe. Alikwenda mwenyewe, akachoka, akaona njaa, akafika. Na alipoomba kwa adabu amfuate, mwalimu yule hakumficha lolote: alimwambia mapema kwamba jambo hilo ni zito kwake, na akaweka sharti lake wazi kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Hapa mna adabu mbili. Mwanafunzi aende mwenyewe, na mwalimu aseme masharti yake mapema. Chuo kinachokueleza masharti yake yote kabla hujalipa kinafuata mwendo mwema. Na chuo kinachokasirika unapokiuliza, kasirani hiyo tayari ni jibu.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

(Khatibu atakaa kidogo, kisha atasimama.)

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi ndugu zetu, maneno yasiyofuatwa na vitendo ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Basi na tuseme kwa uwazi, mwenye kwenda kukizuru chuo aende vipi na atazame nini.

Kwanza, aanze na vile vilivyo karibu, ili ajifunze kutazama. Sisi wakazi wa katikati ya jiji tumejaaliwa. Taasisi ya Teknolojia ipo kwenye pembe ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Chuo cha Elimu ya Biashara hakipo mbali na hapo. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kipo Mtaa wa Shaaban Robert, na Muhimbili, wanakosomeshwa madaktari na wauguzi, ipo Upanga. Hivi havihitaji nauli, vyahitaji miguu tu. Kwa Mlimani na jirani yake Chuo Kikuu Ardhi, panda basi la mwendokasi la Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, na kutoka hapo si mbali. Hata Morogoro, ambako zamani safari yake ilikula siku nzima, tangu Juni 2024 treni ya umeme humwezesha mtu kutoka asubuhi na kurejea nyumbani jioni. Mwenye nia ya kusoma Zanzibar, boti zipo kila siku.

Pili, aende siku ya kazi, wakati wa masomo. Asiende siku ya sherehe wala wakati wa likizo, kwani siku ya sherehe kila nyumba hufagiliwa. Asimame mlangoni pa darasa la masomo anayoyataka, ahesabu waliokaa na waliokosa viti. Aombe aone maabara au karakana ya masomo hayo hasa, kwa kuwa chuo chaweza kuwa hodari katika fani moja na dhaifu katika nyingine. Aingie maktaba, atazame kama vitabu vimeguswa, na aulize hufungwa saa ngapi. Awatafute wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu, kwani wa mwaka wa kwanza bado ni mgeni, na aliye kwenye meza ya mapokezi amekabidhiwa maneno ya kusema. Awaulize kwa upole: mwalimu asipofika, hufanyika nini? Matokeo hutoka lini? Waliomaliza mwaka jana wako wapi?

Tatu, mzazi aende pamoja naye, ikiwezekana mama pia. Binti yule tuliyemtaja, Mwenyezi Mungu alimfungulia mlango mwingine. Mara hii, kabla ya kuandika jina la chuo, alikwenda yeye na mama yake. Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuliwaza: "Mabinti hulala wapi, na wakitoka darasani usiku hupita njia ipi?" Kisha hakungoja jibu. Alibaki hadi baada ya swala ya Isha, akaitembea njia hiyo yeye mwenyewe, akaona taa zake na walinzi wake. Hivi sasa binti yupo mwaka wake wa mwisho. Huyo mama, ndugu zetu, alitia mkono chini ya rundo.

Nne, aende ofisi ya fedha aombe orodha kamili ya malipo, iliyoandikwa na kugongwa mhuri: ada, usajili, mitihani, bweni, bima, mafunzo ya vitendo. Wala asidhani kuwa kupata nafasi ya chuo ni kupata mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina maombi yake na vigezo vyake, na anayeomba anaweza kupata, kupata nusu, au kukosa. Familia ikae ijiulize: ikiwa mkopo hautatoka, tutafika mwaka wa ngapi? Pia athibitishe katika miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo kinatambuliwa, na kwamba masomo yenyewe yamekubaliwa. Huo ni uchunguzi wa siku moja tu, lakini hulinda miaka mingi. Na yeyote anayekuja dukani kudai fedha ili "akutafutie nafasi", mpe kisogo.

Tano, atazame mahali pa kuswali, maji ya udhu, na ratiba ya mchana wa Ijumaa. Auwahi mkusanyiko wa wanafunzi Waislamu, aone wanavyoishi na wenzao wa dini nyingine kwa wema na jirani njema. Na hapa tuseme neno la haki: hata chuo chenye jina la Uislamu, ambacho ni fahari yetu, kizuruwe na kiulizwe kama vingine. Kufanya hivyo si kukituhumu. Anayekipenda kitu hupenda kukijua, na chuo chema hufurahi kutazamwa.

Ndugu Waislamu, wapo watakaosema: kilichoandikwa kimeandikwa, kutazama kutabadilisha nini? Kuwajibu hao, tukumbuke habari iliyopokewa na Imamu Bukhari. Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa safarini kwenda Sham, akapata habari kuwa kuna tauni huko. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na akaamua kurejea. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba wanaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari yake nyingine. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu: popote atakapowalisha, ni kwa qadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini mchunga mwenye akili huangalia pande zote mbili, akawapeleka penye majani. Nasi sote ni wachunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya aliowachunga.

Kwa hiyo mpango wa Muislamu ni huu. Atazame kwa macho yake. Awatake shauri wenye ujuzi: walimu wake wa shule, jamaa waliosoma, wataalamu wa kazi anayoitamani. Kisha aswali rakaa mbili za istikhara, ambayo Mtume alikuwa akiwafundisha masahaba kama alivyowafundisha sura za Qurani. Halafu aamue, na amtegemee Mola wake. Istikhara isiyotanguliwa na kutazama ni kama mtu anayemwomba Mwenyezi Mungu mchele mzuri, na huku hataki kulifungua gunia.

Enyi vijana wetu, neno letu kwenu ni moja. Hata baada ya kutazama, mwanadamu hukosea. Ukifika ukakuta mambo si kama ulivyoyaona, usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie mzee wako mapema, wakati bado pana njia ya kugeukia. Haya ni sehemu ya imani, lakini kuficha maradhi mpaka yashinde dawa si haya. Na ninyi wazazi, pokeeni habari hiyo kwa kifua kipana. Mtoto anayejua kuwa hatagombezwa ndiye anayesema kweli.

Na enyi jamaa wa misikiti ya Kariakoo, Ilala na Upanga, ipo kazi yetu sote. Si kila nyumba ina nauli ya kumpeleka mtoto akatazame. Sisi tuliwahi kuchanga fedha za kumsafirisha binti kwenda asikokujua. Ilitupasa tuchange kwanza nauli ya kwenda kutazama, ambayo ni ndogo kuliko ile. Basi kila mwaka, kabla ya dirisha la maombi kufungwa, misikiti miwili mitatu ishirikiane kukodi basi moja, vijana wa kiume na wa kike pamoja na wazee wao, wakazuru vyuo vitatu au vinne. Wanaosoma huko, watoto wa mitaa hii hii, wawapokee na kuwaambia ukweli. Na asiyeweza kabisa kusafiri, basi aandikiwe maswali yake, ayabebe mwenye safari, amrudishie majibu kama yalivyo, bila ya kuongeza wala kupunguza. Hiyo ni amana, na sadaka yake haitapotea.

Ee Mola wetu, tupe macho yanayoona ukweli na nyoyo zinazoukubali. Ee Mola wetu, wafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, na uwaepushe na walaghai na njia za hasara. Warejeshee subira waliopoteza mali na miaka yao, na uwape badala iliyo bora. Wajaalie walimu wetu ukweli na ikhlasi, na wenye mamlaka juu ya elimu uadilifu. Wasamehe wazee wetu waliotutangulia, ambao walitusomesha kwa jasho la mabega yao. Ibariki nchi yetu, uidumishie amani, na uyabariki masoko yetu kwa uaminifu wa wauzaji na busara za wanunuzi. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake. Simameni kwa swala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.